Kutoka macheo ya Feri hadi machweo ya Kigoma: shajara ya picha 13

14 Julai, Temeke

Habodi za kuchorea zimeshakatwa: 13, kila moja sentimita 40 kwa 50. Nimezipaka nyeupe ya msingi mara mbili na kuzipiga msasa, na sasa zimeegemea ukuta wa uani zinakauka. Kesho naanza.

Kazi inayonilisha ni mabango. Huu mwaka wa 19 nachora saluni, maduka ya dawa, gereji, milango ya malori ya Kenta na vibanda vya chipsi. Mandhari nayachora Jumapili, na mwaka huu nimeweka akiba nisafiri nayo. Nataka kulifuata jua. Reli ya Kati inatoka hapa Dar es Salaam na kuishia Kigoma, kilomita 1,250 hivi, karibu njia nzima ikielekea machweoni. Wajerumani walianza kuijenga 1905, ikafika ziwani 1914. Marehemu baba aliifanyia kazi Tabora, nami nilizaliwa kwenye nyumba za reli, kwa hiyo njia nyingine sikuifikiria kabisa.

Mpango ni kuzichora saa za mchana moja baada ya nyingine huku nikisogea magharibi. Saa kumi na mbili asubuhi naichora Feri kwenye soko la samaki, saa nne Morogoro, saa sita Tabora, na saa kumi na mbili jioni ufukweni Kigoma. Mchana una saa kumi na mbili lakini picha zitakuwa 13, maana ni kama nguzo za uzio: ya kwanza na ya mwisho zote zinahesabiwa.

Claude Monet aliuchora uso wa kanisa kuu la Rouen, kule Ufaransa, zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894, akibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika. Alikaa mahali pamoja, jua likawa linampitia. Mimi nitakwenda nalo. Na sisi tuna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: saa zetu tunazihesabu tangu kunapokucha. Huku karibu na ikweta mchana haupungui sana wala hauongezeki sana, basi saa moja ni saa moja ya jua kweli. Nikiangalia mpango wangu naona kama ulishapangwa zamani, mimi nikaukuta tu.

15 Julai, Feri

Nilifika sokoni saa kumi na moja na robo, giza bado. Nilipopiga mahesabu ya picha ya kwanza nilikuwa na jua kichwani: jekundu, nusu yake ndani ya bahari, ngalawa mbele yake. Saa kumi na mbili ikagonga hamna jua. Lilitoka saa kumi na mbili na dakika 36. Julai ndivyo lilivyo Dar, linachelewa hivyo, na mimi mtu wa mjini niliyeamka mapema maisha yangu yote sikuwahi kulipima.

Nilichora nilichokikuta. Saa kumi na mbili kamili mbingu ilikuwa bluu ya wino uliotiwa maji, na chini yake taa za sokoni zikiwaka njano. Mwanga wa aina mbili mahali pamoja. Sakafu ya mnada ilikuwa imemwagiwa maji, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mara mbili: mtu na kivuli chake cha maji, ndoo na ndoo. Mbele yangu mama mmoja aliweka changu wanne kwenye sinia. Upande wa tumbo, ulioelekea taa, ulikuwa rangi ya siagi. Mgongo, ulioelekea bahari, ulikuwa bluu ileile ya mbingu. Samaki mmoja alikuwa amebeba picha nzima. Nilimchora kwanza yeye, kisha soko nikalijenga kumzunguka. Yule mama alinipa dakika tano kabla hajamuuza, na nusu ya dakika hizo alizitumia kuniuliza kwa nini simpigi picha ya simu.

Nilimjibu kwamba simu inachagua mwanga mmoja. Ukiielekezea taa, mbingu inakuwa nyeusi. Ukiielekezea mbingu, taa zinaungua zinakuwa nyeupe. Jicho linavishika vyote viwili. Akasema, "Haya kaka, fanya haraka basi," na mnadi akaanza kuita bei.

27 Julai

Saa moja: pantoni ya Kigamboni, watu wanashuka, jua linawapiga ubavuni. Imekwenda vizuri na sina la kuieleza zaidi.

Saa mbili: kanisa la Kilutheri la Azania Front, paa lake la vigae vyekundu. Nimeipaka mara tatu na bado. Tatizo ni majengo ya vioo yaliyosimama nyuma na pembeni. Jua likipanda, vioo vinalirudisha barabarani, kwa hiyo kanisa linapigwa na jua la mashariki upande mmoja na jua la kioo upande wa pili. Vivuli vinakuwa viwili, kimoja kizito kimoja chepesi, na vinapishana kama mkasi. Picha ya kwanza nilikiacha kile chepesi nikidhani ni makosa ya macho. Ikawa picha ya Dar ya zamani, ya kadi ya posta. Nitakirudisha. Mji wa sasa una vivuli viwili, na anayeishi hapa atajua.

Saa tatu: Pugu. Nimeifanya kwa siku moja, kijani juu ya kijani, naridhika nayo nusu.

Picha 4 kati ya 13.

9 Agosti, Morogoro

Nimekuja na treni ya umeme. Raha yake kubwa ni kasi, na kasi hiyo haimwachii mchoraji kitu: mti unauona, ukishika penseli umeshapita. Nimeiweka penseli mfukoni nikaangalia rangi tu. Dar ilikuwa na bluu hewani, unyevu wa bahari. Tulipopita Ruvu hewa ikaanza kukauka na kuwa ya maziwa. Nilipofika Morogoro nikaandika pembeni ya daftari: "nyeupe kidogo ndani ya kila rangi."

Mji wa Morogoro umekaa chini ya Uluguru upande wa kaskazini. Hili ni jambo la maana sana kwa anayetaka kuichora. Milima hii inapita meta 2,600, na uso unaouona kutoka mjini umeelekea kaskazini. Mwezi huu jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo linaupiga uso huo moja kwa moja. Mchana milima inakuwa bapa kama pazia, mabonde yote yamepotea. Ila saa nne asubuhi jua bado liko kaskazini mashariki, linaingia kwa mshazari, na kila mgongo wa mlima unamwaga kivuli kwenye bonde la jirani yake. Hapo ndipo unaona kwamba Uluguru ni mikunjo, kama kanga iliyotupwa kitandani. Mtu akija Desemba jua likiwa kusini, uso huohuo atauona mweusi zaidi, na atachora mlima mwingine kabisa.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilele hadi saa tatu na nusu. Nilikuwa na dakika arobaini. Nikaweka giza kwanza, vivuli vyote kwa rangi moja ya bluu na udongo, bila kujali kijani wala kahawia. Hili nimelipata kwenye mabango: ukiandika herufi yenye kivuli, ukikosea kivuli herufi inaanguka, hata uipake rangi nzuri namna gani. Kivuli kikikaa mahali pake, rangi unaweza kuja nayo kesho.

31 Agosti, Dodoma, na balaa la njiani

Saa tano nimeichora nje ya mji, mbuyu mmoja mtupu bila jani. Kivuli cha mbuyu usio na majani ni nyavu. Kinalala juu ya udongo mwekundu, na udongo nao unalirudisha jua juu, unaupaka shina rangi ya waridi kwa chini. Watu wengi wanauchora mbuyu wa kijivu. Ukiusogelea meta mbili, tumbo lake la chini ni la rangi ya fizi za mtoto.

Upepo ulivuma nikiwa katikati ya kazi. Rangi ya mafuta mbichi na vumbi la Dodoma ni ndugu, vikikutana haviachani. Nilitaka kukwangua, nikaangalia tena. Punje zimekaa upande wa ardhi tu, zinang'aa zikipigwa na jua. Nimeziacha. Ni udongo uleule niliokuwa nauchora.

Balaa limenikuta wakati wa kurudi. Nilipanda basi, na sanduku langu la picha likawekwa kwenye buti chini ya mizigo ya watu. Ndani lina mifereji ambamo kila habodi inasimama peke yake bila kugusana na jirani. Mifereji ilikuwa mipana mno. Habodi zikacheza, uso wa Uluguru ukabusu mgongo wa mbuyu kwa saa saba. Nimefungua usiku huu: nusu ya mlima imehamia nyuma ya picha nyingine.

Imeniuma. Mwanga ule wa Agosti siwezi kuurudia Oktoba, jua litakuwa limeshahama. Nitajaribu kuitengeneza kwa kutumia mchoro wa penseli na kumbukumbu, na vivuli vilivyobaki ni vizima, hicho ndicho kinachonipa moyo.

Kwa anayesafiri na picha mbichi: nimekata kandambili kuukuu vipande vidogo, nimevigundisha kwenye pembe nne za kila habodi. Mpira unabana ndani ya mfereji, picha haichezi wala haigusi mbao. Nimezitikisa kwa mikono yote miwili, zimetulia.

3 Oktoba, Tabora

Nimeshuka asubuhi. Miembe ya Tabora ipo palepale. Inasemekana ilianzia kwenye misafara, wafanyabiashara waliokwenda na kurudi kati ya pwani na ziwa, na leo barabara nzima zinapita chini ya kivuli chake. Embe bado changa, kijani, zinaning'inia kwenye vikonyo virefu.

Nimefikia kwa shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Mbona umekauka hivi, huko Dar hamli?" Akanipikia wali na kisamvu, akaniwekea asali ya kwao kwenye kichupa niende nayo.

Uani kwake ndipo nitakapochorea saa sita. Kuna mwembe mmoja mkubwa, na chini yake anakaa kuchambua mchele. Ardhi imefagiliwa hadi inang'aa.

Nyeupe imebaki kidogo sana. Nilinunua tyubu tatu kubwa Dar nikidhani zinatosha, na maduka ya hapa yana rangi za nyumba tu.

5 Oktoba, Tabora

Siku niliyoisubiri mwaka mzima. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua likielekea kusini baada ya Septemba hupita juu ya nyuzi hizo tarehe 5 hivi ya Oktoba. Leo linasimama utosini hasa. Nilimwambia shangazi kwamba saa sita kamili hakuna kitu kitakachokuwa na kivuli, na nikachomeka kijiti cha meta moja uani ili aone.

Saa sita kamili kijiti kilikuwa na kivuli cha sentimita 16, kimelalia magharibi.

Nikaangalia simu. Nikaangalia kijiti kama kimepinda, kimenyooka. "Shangazi, jua limechelewa."

Hakuinua macho kwenye ungo. "Jua halijachelewa. Saa yako ndiyo imewahi. Sisi adhuhuri tunaijua jua likipinda, hatungoji simu ilie."

Nikakaa chini. Kivuli kilikuwa kinajivuta polepole kuelekea kijiti, sentimita kwa sentimita, na saa sita na dakika 37 kikaingia ndani ya kijiti chenyewe. Kuku alikuwa amesimama juu ya kivuli chake. Ndoo ya maji ilikuwa na mwanga hadi chini kabisa, naona kokoto.

Usiku huu nimepiga hesabu vizuri. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45, ambayo iko baharini, mashariki ya Dar na ya Mombasa. Kila nyuzi moja unayokwenda magharibi jua linachelewa dakika nne. Kutoka Dar hadi Kigoma ni karibu nyuzi kumi, dakika kama 39. Kwa hiyo nilipokuwa nikisafiri na jadweli yangu nzuri ya saa moja, saa mbili, saa tatu, jua lilikuwa linanidai dakika kila kituo. Ndiyo maana saa tano ya Dodoma ilinikataa, ilikuwa na kivuli kirefu kuliko nilichotegemea.

Saa zetu zilihesabiwa kwa jua la mahali, na mwenye kuzihesabu alikuwa anatazama juu. Zikaingia kwenye simu, zikawa za mahali pamoja kwa watu wote. Kwa basi na benki hilo ni sawa. Picha inataka ile ya kwanza.

6 Oktoba

Leo nimeichora kwa kijiti. Simu nimeiacha ndani.

Nilivyofundishwa, na vitabu vyote nilivyosoma vinasema hivyo, mchana haufai kuchorwa. Amka mapema, ngoja jioni, mchana lala. Nimekaa chini ya mwembe nikaona kwamba hilo ni neno la watu ambao jua lao halifiki utosini. Mchana wetu una mwanga wake, ila unatoka chini. Jua linashuka wima, linagonga ardhi nyekundu iliyofagiliwa, linarudi juu na kuingia kivulini. Shangazi amekaa kivulini, na kidevu chake kina mwanga. Chini ya pua kuna mwanga. Kope za juu, ambazo asubuhi huwa gizani, zina rangi ya chungwa. Paji la uso ndilo lenye giza, na giza lenyewe ni bluu, mbingu inayopenya kwenye majani. Uso mzima umegeuzwa juu chini.

Nilichora kidevu kile kwa saa nzima. Rangi yake ni udongo mwekundu, njano kidogo, na tone la kijani cha embe changa. Kijani ndicho kilichokifanya kiwe cha mtu aliye hai.

Nyeupe ikaisha. Nilikuwa sijaigusa ardhi ya juani, ile inayoumiza macho. Nikaiacha habodi wazi, nyeupe ya msingi peke yake, sikupaka kitu. Nikarudi nyuma hatua sita. Hakuna rangi ambayo ingefika pale.

Nimemfikiria sana Edward Saidi Tingatinga leo. Alianza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na kwa miaka michache tu alizaa mtindo ambao mafundi wa Dar wanaula hadi leo: habodi, rangi za bati, rangi bapa zenye mpaka mkali. Sisi wachora mabango wote ni jamaa zake kwa namna fulani. Na Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere na baadaye London: akarudi na watu waliopakwa bapa, vivuli haba. Wapo wanaosema hao hawakujali mwanga. Nikiwa nimekaa uani saa hizi, kuku bila kivuli, ndoo bila kivuli, kila kitu ni rangi yake kamili na mpaka wake mkali, naona walikuwa wakichora mwanga wa kwao kwa usahihi mkubwa.

Picha 7 kati ya 13, tukiihesabu Uluguru iliyojeruhiwa.

8 Oktoba, Kwihara

Jana nilichora msitu wa miombo nje ya mji. Mvua bado, ardhi imekauka kama biskuti, na miti imeanza kutoa majani mapya mekundu, ya shaba, ya rangi ya divai. Mtu wa Ulaya akiiona picha atadhani ni majani yanayokufa. Ni machanga, ndiyo kwanza yanazaliwa. Nimeyapaka haraka haraka, mkono ukiwa na furaha, na sitayagusa tena.

Leo ni Kwihara, kwenye tembe lililojengwa upya, mahali Livingstone na Stanley walipokaa pamoja 1872. Nilikuja kwa ajili ya ukuta wake wa udongo wakati wa alasiri, na safari hii nimetumia kipimo cha madrasa: alasiri inaingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiondoa kile cha adhuhuri. Siku hizi kivuli cha adhuhuri hapa ni kama hakipo, kwa hiyo kijiti cha meta moja kinataka kivuli cha meta moja, basi. Simu ilisema saa tisa na dakika 37. Jua lilikuwa nusu ya njia kati ya utosi na ardhi, ukuta ukawa wa rangi ya mkate, na kila alama ya kiganja cha aliyeukandika ikawa na kivuli chake. Nimezihesabu alama kumi na moja karibu na mlango. Nimezichora zote.

Nimeamua kuzibadili majina picha zote. "Saa nne, Morogoro" haisemi kitu kwa mtu aliyeko Kigoma. Watu wa zamani waliziita saa kwa kinachoonekana. Feri itakuwa Mapambazuko. Pantoni, Macheo. Pugu nimeiita Mafungulia Ng'ombe, wakati umande umekauka na mifugo inatolewa zizini. Jina hilo shangazi alilitaja mwenyewe bila kuulizwa. Uani kwake ni Jua la Utosi, miombo ni Jua Likipinda, na hii ya leo ni Alasiri. Azania Front sijaipatia jina. Vivuli viwili havikuwepo wakati majina yanatungwa.

12 Oktoba, Kigoma

Treni ya usiku, sikulala. Stesheni ya Kigoma ni nyeupe na kubwa, reli inaishia mbele yake, na ziwa linaanza.

Ujiji nimeichora juzi. Mwanga, mtaa wenye soko kati ya Kigoma na Ujiji, nimeuchora jana jua likipunga. Mchoraji akikuta mtaa wenye jina hilo hawezi kuupita. Dagaa walikuwa wameanikwa, na kila dagaa mkavu ana kamstari kamoja ka fedha mgongoni. Maelfu ya mistari hiyo, yote ikielekea pande tofauti. Nilitumia brashi ya kuandikia herufi ndogo.

Picha ya mwisho imenigomea siku tatu. Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo, na kiangazi kinapoisha hewa hujaa vumbi na moshi wa moto wa porini. Jua linashuka, linageuka sahani ya shaba, kisha linafutika juu sana, kabla halijagusa chochote. Hakuna milima. Hakuna ng'ambo. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470 na siku hizi tatu limeonekana kama halina mwisho wa upana pia.

Leo saa nane ikanyesha. Mvua ya nusu saa, kubwa, ya kwanza tangu nifike. Ilipokatika, watu wakatoka nje, na milima ikawa pale. Ghafla, karibu, na mabonde yake, bluu juu ya bluu, safu ya nyuma nyepesi kuliko ya mbele. Mzee mmoja aliyekuwa anakung'uta nyavu aliniona nimeshangaa. "Kongo hiyo," akasema. "Ilikuwepo siku zote, bwana. Ilikuwa haijaoga."

Nikasimamisha stendi. Saa kumi na mbili ya simu ikapita jua likiwa bado juu, linachoma. Sikulijali. Lilifika kwenye mgongo wa milima karibu saa moja kasoro dakika kumi, likatua kwenye tandiko kati ya vilele viwili, na njia yake juu ya maji ikakatika kuanzia upande wa Kongo kuja kwetu, kama mtu anayekunja mkeka. Dar wakati huo ilikuwa gizani, taa za Feri zimeshawashwa.

Ndani ya dakika ishirini na kitu nilizobakiwa nazo, mitumbwi ya dagaa ikaanza kutoka. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola, nyeupe zaidi. Moja, tatu, kumi, halafu mstari mrefu, kila moja na mkia wake majini. Mbingu ilikuwa bluu ya wino uliotiwa maji. Nikaichanganya bluu ileile niliyochanganya Julai, nilikuwa nimeandika vipimo vyake nyuma ya picha ya kwanza: bluu sehemu tatu, udongo uliounguzwa sehemu moja.

Mwishoni nilikuwa nachora kwa kubahatisha, sioni kibao cha rangi. Nimeiangalia sasa kwenye taa ya chumba. Milima iko sawa. Taa moja ya mtumbwi nimeiweka juu ya maji mno, inaelea hewani. Kesho nitaishusha.

2 Novemba, Temeke

Picha 13 ziko ukutani. Hakuna iliyogusana na jirani yake njiani.

Uluguru nimeipaka upya upande ulioharibika. Haikurudi ilivyokuwa, na ukiijua utaona mahali mkono wa Agosti unapoishia na wa Novemba unapoanza. Nimeiacha hivyo.

Nilimtumia shangazi picha ya Jua la Utosi kwa simu ya binamu. Alijibu kwa sauti, dakika mbili nzima, ya kwanza akisalimia nyumba yote mtu mmoja mmoja. Kisha: "Kidevu umenipatia. Lakini kanga yangu umeichora haina jina. Mimi nimevaa kanga gani isiyo na jina?" Yuko sahihi. Maandishi yalikuwa gizani, chini kabisa, kwenye pindo, na mimi nikayapita, mimi ambaye herufi ndizo zinazonilipia kodi. Jana nimeyaweka kwa brashi namba moja: WEMA HAUOZI, bluu nzito juu ya bluu nzito kidogo, kama yalivyokuwa kivulini. Mtu lazima asogee karibu ayasome.

Azania Front nimeipa jina Vivuli Viwili.

Rangi ya mafuta inataka miezi sita hivi kabla ya kupakwa vanishi. Fundi fremu ameshachukua vipimo, mninga mwembamba bila nakshi. Vanishi ni Aprili.